Jiko la Hawe na Mkwe Niliyemletea

Nataka ijulikane mapema kwamba sikukusudia. Nimelisema hili nyumbani, nimelisema kanisani nilipoulizwa, na nimelisema kwa mwalimu wa zamu aliyetaka kujua kwa nini msichana wa kidato cha tatu anarudi kutoka likizo ya Aprili na nyayo zilizopasuka kama za fundi wa kukandika nyumba. Nilifanya mzaha mmoja. Ulichukua muda mfupi kuliko chafya. Kuna watu wanafanya mizaha tangu asubuhi hadi jioni na hakuna hata mmoja unaowaletea mkwe.

Aliyeletewa mkwe ni Hawe. Kwa Kigiriama hawe ni bibi, na huyu wangu ni mama mzazi wa baba: mfupi, mkali, mwenye kikohozi kilichojulikana Kakuyuni nzima. Ukiwa kisimani unakisikia. Msimu wa mvua wa mwaka juzi kilimlaza hospitalini, na siku ya kuruhusiwa daktari alimwita baba pembeni. Nami nikasogea pembeni hiyo hiyo, kwa sababu ndiyo tabia yangu. Daktari akasema kifua kimeharibiwa na moshi wa kuni wa miaka mingi. Kiangazi si neno, maana Hawe hupikia nje. Lakini masika yakianza anahamisha mafiga yake ndani, kwenye chumba cha jikoni ambacho dirisha lake linapitisha paka mmoja tu, tena aliyekonda. "Akikaa humo na moshi misimu mingine miwili," alisema daktari, "msihangaike kumleta. Mtakuwa mmechelewa."

Msimu mmoja ulikuwa umekwisha pita. Huu uliokuwa unakuja ndio wa pili.

Mama alijitolea kumpikia. Hawe alimtazama kana kwamba ameambiwa avue nguo barabarani. "Nikipikiwa mimi," alisema, "basi na begi langu niwekeeni mlangoni, nijue nimekuja kutembea." Mjadala ukafungwa hapo.

Ndiyo maana wale wajitoleaji walipofika Januari, baba alishukuru kabla hata hajaambiwa wanajitolea nini.

Walikuwa mke na mume, vijana wa makamo, kutoka nchi ya baridi. Shirika lao liliomba nyumba ya kuwaweka, na baba akatoa ile ya kaka yangu mkubwa aliyehamia Mombasa. Kwa hiyo waliishi uani mwetu, nasi tukawa tunawatazama kila siku bila kiingilio. Kila alfajiri walikimbia. Wiki ya kwanza jirani yetu alitupa jembe akakimbia nyuma yao hadi njia panda, akidhani ni msiba au ni nyuki. Walipofika njia panda wakageuka, wakamwambia "Habari ya asubuhi," wakaanza kurudi. Jirani naye akarudi nao mbio hizo hizo, kwa sababu angefanya nini?

Mke alikuja kufundisha kunawa mikono. Alikuwa na wimbo, na sheria ilikuwa unawe mpaka wimbo uishe, mara mbili. Watoto waliupenda sana. Ulikuwa wimbo wa ndoo nzima. Wakimaliza, mikono inang'aa na maji ya kunywa hakuna, mama ananitazama, nami nachukua mtungi narudi kisimani huku nauimba, maana ulikuwa hautoki kichwani.

Mume alikuja kujenga majiko. Hapo ndipo baba alipokaa sawasawa kwenye kiti. Majiko ya udongo, alieleza, yenye mlango wa kuni upande mmoja na dohani upande wa pili, na ile dohani inatoa moshi wote nje. Alikuwa na kitabu cha maelekezo chenye picha, na katika picha kulikuwa na mama mmoja anapika huku anacheka, hana hata chozi. Baba alimwonyesha Hawe ile picha. Hawe akaitazama sana.

"Huyu anacheka nini peke yake?" akauliza.

Lakini alikubali, na yeye alipokubali kila mtu alipumua. Jina lake likawekwa la kwanza. Mume alisema atahitaji wiki mbili tu mara shirika likishaleta mabomba ya bati. Mabomba yalifika mwishoni mwa Machi, mawingu nayo yakiwa yamekwisha anza kujikusanya upande wa baharini. Mambo yalikuwa yamenyooka. Hapo ndipo mimi nilipofungua mdomo.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya likizo. Mke alitaka kujifunza kukuna nazi, tukakaa ndani ya chumba cha jikoni. Hawe akampa mbuzi, kile kigoda chenye meno ya chuma, naye mke akakikalia upandeupande kama anayepanda baiskeli ya mwenzake. Nazi ya kwanza alikuna vizuri. Ya pili alikuna kidole. Damu ikatoka, Hawe akachana kipande cha leso yake mwenyewe, akamfunga, akamshika ule mkono muda mrefu, kisha akasema kwa Kigiriama, "Huyu ni mwanangu."

Mimi nilikuwa mkalimani wa uani. Nilijiteua mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimepata alama nzuri ya Kiingereza na sikutaka mtu aisahau. Nikamtafsiria mke: anasema wewe ni binti yake. Mke akaanza kulia. Mama akalia kwa kumfuatisha. Mume alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu, akauliza, "Na mimi je? Mimi ni nani?"

Niambieni ukweli: nyinyi mngeliacha swali kama hilo lipite?

Nikamgeukia Hawe. "Hawe, huyu naye anauliza ni nani kwako. Ukishampata binti, mumewe si ndiye mkwe wako?"

Wote wakacheka. Baba mdogo, ambaye hukaa kwetu kila kunapokuwa na nazi, alicheka mpaka akashika ukuta. Aliyekosa kucheka ni mmoja. Hawe alifikiri. Unajua mtu anapofikiri hesabu na jibu linatoka jingine kuliko alivyotaka? Polepole akavuta leso akajifunika kichwa, akageuza uso ukutani.

Sasa, vijana wa kisasa hatushiki sana mambo haya. Waume wa mabinti wa majirani wanasalimiana na mama wakwe zao kwa mkono, kanisani, mbele ya watu. Lakini kwa Hawe, mkwe ni mkwe. Hampeani mikono. Hamli pamoja. Hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaiacha njia. Na jikoni kwa mama mkwe, mkwe hakanyagi hata kama panaungua. Wakwe zake wawili wa kweli wana zaidi ya miaka ishirini hawajui jiko lake lina rangi gani.

Mume hakujua lolote kati ya hayo. Aliuona uso wa mkewe umejaa machozi, akaona familia inacheka, akahisi naye amepokewa. Akafungua mikono yote miwili, akaingia kumkumbatia mama yake mpya.

Hawe ana nyonga mbovu. Kwenda chooni anatumia mkongojo. Siku hiyo alipita dirisha la paka, mimi nilikuwepo, akatua nje, akakata kona ya banda la mbuzi na kupotelea kwenye mihogo. Mkongojo ulibaki umeegemea ukuta.

"Anakwenda wapi?" mume akauliza, mikono bado iko wazi.

"Amekumbuka kitu," nikasema.

Jioni nilimfuata Hawe kibandani kwake kwenda kuyamaliza. Nilidhani ni kazi ya dakika mbili.

"Hawe, ulikuwa mzaha ule."

"Mzaha ulikuwa wako. Mimi nilisema huyu ni mwanangu. Hilo nililisema kwa kinywa changu, na kidole nimekifunga. Unataka kesho nikamfungue nimwambie nilikosea?"

"Basi binti abaki, mkwe tumtoe."

"Umtoe umpeleke wapi? Analala naye."

Akakohoa, kile kikohozi chake kirefu kinachomkunja kama kisu cha kukunja, na alipomaliza akasema, bila hasira kabisa, "Hilo jiko wamjengee mwingine. Mkwe haingii jikoni kwangu."

Nilitoka pale nikiwa nimepoa. Watu wananiona mchekeshaji, lakini hesabu naijua: fundi ni mmoja, jiko ni moja, kifua ni kimoja, na mvua ilikuwa imebakisha wiki tatu, pengine mbili. Katikati ya yote hayo palikuwa na sentensi yangu moja.

Wazo langu la kwanza lilikuwa waachane. Si moja kwa moja, wiki mbili tu, mpaka dohani isimame, kisha waoane upya na sisi tuchinje kuku. Niliwaeleza vizuri. Mume akasema ndoa yao ilisajiliwa serikalini na hadhani inawezekana kwa wiki mbili. Mke akaanza kuitazama nyumba yao, kona hadi kona, kwa muda ambao mume hakuupenda.

"Unafikiria nini?" akamuuliza.

"Nilikuwa nafikiria nani angebaki na chandarua," akasema mke.

Wazo la pili lilikuwa la mume, na lilitoka kwenye kitabu. Maskini, alikuwa ameshajihukumu. Aliamini Hawe anamchukia. Akimkuta njiani, Hawe anaruka shimo la taka. Akimpelekea maua ya porini, Hawe anayafagia kwa ufagio mrefu kutoka mbali. Usiku hakulala, alisema mkewe. Basi akatafuta kwenye kitabu cha maelekezo, akapata ukurasa unaohusu migogoro na wenyeji. Kitabu kilisema: pande zote mbili zikae kwenye duara, zitazamane machoni, kila mmoja aseme anavyojisikia.

Nilitafsiri hilo kwa baba. Baba akavua kofia, akaivaa tena. "Kitabu hiki," akauliza, "kiliandikwa na mtu mwenye mama mkwe?"

Lakini mume alikwisha panga viti. Alipanga duara zuri kivulini nyuma ya nyumba, akaweka na karanga. Hawe alikataa kuja. Mke akaenda kumsihi, na kwa kuwa binti ameomba, Hawe alikuja. Alikuja na mwavuli. Ule mweusi mkubwa wa mazishi. Akaketi, akaufungua, akauelekeza upande wa mume kama ngao, na nyuma yake akawa anatafuna karanga kwa utulivu kabisa.

Mume alikuwa amefundishwa kutazamana machoni. Akainuka, akasogeza kiti chake kidogo kulia. Mwavuli nao ukasogea kulia. Akasogea tena. Mwavuli ukamfuata. Alipoona mume hachoki, Hawe akaanza na yeye kusogeza kiti, upande wa pili, ili mwavuli ubaki kati yao. Na wale watu wawili wakazunguka lile duara zima, polepole, viti vinakwaruza mchanga, mume anasema "Mimi najisikia huzuni," mwavuli unasema "Mwambieni asimame," mpaka wakarudi pale pale walipoanzia. Mbuzi walikuwa wanatazama. Baba mdogo ilibidi aondoke.

Baba akaona yatosha. Akamshika mume mkono, akamkalisha, akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Bwana. Mama hakuchukii."

"Ananikimbia."

"Anakuheshimu."

"Ananikimbia kwa sababu ananiheshimu?"

"Sana. Hata mimi mwanawe hajawahi kunirukia dirisha."

Nikamtafsiria yaliyobaki: kwamba binti kumpata ni yeye mwenyewe Hawe kapenda, kwamba mkwe huja na binti, na kwamba kazi yake ni kukaa mbali kwa adabu. Nilimwambia pia ni nani aliyeuliza swali lile siku ya nazi. Ilibidi. Alinitazama, nikasubiri kufokewa. Akasema tu, "Rafiki yangu, kwa hiyo mimi ni ndugu wa hapa?" na macho yakamjaa maji. Hakuna kitu kibaya kama kufanya kosa mbele ya mtu mwema. Unakosa hata pa kubishia.

Tatizo ni kwamba alikuwa mtu wa kujitolea, na watu wa kujitolea hawajui nusu. Kuanzia siku hiyo akawa mkwe kuliko wakwe wote waliowahi kuzaliwa kati ya Adu na Kaloleni. Akimwona mwanamke mzee yeyote njiani, anaruka vichakani. Si Hawe tu. Yeyote. Muuza mchicha, mama wa kwaya, bibi aliyekuja kutoka Malindi kutafuta ng'ombe wake. Unasikia majani yanavunjika, unaona kofia inazama, na bibi wa watu amesimama njiani anajinusa kama ananuka. Mmoja alikuja kwa mama kulalamika. "Yule mgeni wenu kanikimbia. Mimi nimemfanya nini? Hata sina mtoto wa kike!"

Na jiko halikuwa limeanza.

Aliyepata njia ni mke. Alikuwa ameketi na Hawe wanachambua kunde, na akaniambia nitafsiri hivi: mama, mkwe haingii jikoni, je, binti anaingia? Hawe akasema binti asipoingia jikoni kwa mamaye aingie kwa nani. Basi, akasema mke, nitajenga mimi. Mume wangu atakaa nje ya ukuta aniambie la kufanya.

Hawe alichambua kunde tatu, nne. "Akae nje kabisa?"

"Nje kabisa."

"Na udongo atakanyaga nani?"

Wote wawili wakanitazama. Hapakuhitaji tafsiri.

Hivyo ndivyo likizo yangu ilivyokwenda. Wenzangu walikwenda Malindi, wakapiga picha ufukoni, wakala bhajia za viazi kwa yule Mhindi wa sokoni. Mimi nilibeba udongo wa kichuguu kwa karai, nikauchanganya na mchanga na mavi ya ng'ombe mabichi, nikaukanyaga tangu asubuhi hadi magoti yakakataa amri. Hawe alikaa kwenye kigoda kunisimamia. "Kanyaga," alikuwa akisema. "Wewe si una maneno? Yakanyage na hayo."

Ndani, mke alikuwa anafinyanga. Nje, mume alikuwa amepiga magoti na kitabu, mdomo ukutani. Kipimo alikipitisha kwa kamba yenye mafundo chini ya mlango. Kwa nusu saa ya kwanza walisemeshana kama watu wa kwenye redio. Kisha mke akasema mlango wa kuni unatosha. Mume akasema kitabu kinasema uwe mkubwa. Mke akasema kitabu hakioni anachokiona yeye. Mume akasema kama angeweza kuingia angemwonyesha. Mke akasema hawezi, kwa hiyo anyamaze. Yaliyofuata sikuyatafsiri kwa sababu mimi ni mtoto.

Hawe, ambaye hajui neno moja la lugha yao, alikuwa akitikisa kichwa. "Huyu mkwe ana mdomo," akasema. Akamsogelea mke, akamfuta udongo shavuni. "Mwambie asikubali. Mlango unatosha."

Siku ya tano mwili wa jiko ulisimama, na ulikuwa mzuri, hata mimi nilisema. Ikabaki dohani. Kitabu kilitaka ipande juu ipasue paa. Hawe akasema mtu akitoboa makuti yake na masika yanakuja, ajue ametoboa na urafiki. Basi wakaamua itokee ukutani, kisha ipande kwa nje. Hiyo ilikuwa na maana kwamba nusu ya bomba ni ya mke, nusu ya mume, na wakutane katikati ya ukuta. Mume akatoboa tundu kwa nje, mke kwa ndani. Lilipopenya sote tulishangilia.

Mke akatoka kwenda kunawa. Alikuwa na wimbo, nimeshasema, kwa hiyo alichelewa. Mume kule nje akaona aangalie kama tundu limenyooka. Akainama, akaweka jicho. Na Hawe kule ndani, ambaye siku tano alikuwa amezuia hamu ya kuona hiyo kazi ya nje inafananaje, akaona hakuna mtu, akainama, akaweka jicho lake.

Nilikuwa mlangoni na karai kichwani. Nilichosikia ni ukelele wa watu wawili kwa sauti moja. Hawe alidaka mfuniko wa sufuria akaubandika kwenye tundu kama anayefunika nyoka, akaukandamiza kwa mikono yote miwili, kisha kikohozi kikamshika, kikamshika vibaya, mpaka akashuka chini akiwa bado ameushikilia ule mfuniko. Niliangusha karai. Nilimshika mabega. Alikuwa mwepesi mno; mtu anayepiga kelele kiasi kile unadhani ana uzito. Nje mume alikuwa anaita, "Mama? Mama?" na hakuingia. Nilimsikia anazunguka ukuta, anafika mlangoni, anasimama, anarudi, anafika tena. Hakuingia. Sijui kama mimi ningeweza.

Hawe alipopata pumzi alisema kazi imekwisha. Mkwe amemwona jikoni, jicho kwa jicho, na tundu libaki hivyo hivyo. Jioni hiyo ngurumo ya kwanza ikasikika.

Baba akasema kuna njia. Kosa la namna hiyo, mkwe huleta kibuyu cha mnazi, pombe ya mgema, mama mkwe anakipokea, yanaisha. Wanaokunywa ni wanaume wa nyumba. Nimegundua kwamba makosa mengi ya kwetu dawa yake humezwa na baba mdogo.

Mume akafungua kitabu, ukurasa wa sheria. Mjitoleaji haruhusiwi kutoa, kubeba wala kugusa pombe. Akikamatwa anarudishwa kwao. Alinisomea mara mbili, sauti inashuka. Nikamwambia mvua imebakisha wiki moja hivi, nyumba nyingine zote bado zinamngoja azijengee, na hakuna atakayemlaumu akikataa. Nilikuwa nimeacha utani siku hiyo.

"Anakohoa hivyo kila mvua?" akauliza.

"Zaidi ya hivyo."

Akafunga kitabu. Asubuhi alikwenda kwa mgema mwenyewe. Angeweza kupita nyuma ya mashamba, lakini alikuwa amefundishwa kusalimia watu, kwa hiyo alipita njia kuu, kibuyu cha mnazi mkononi kinatoa povu, anamwambia kila mtu "Habari ya asubuhi," na kila anapotokea bibi anaruka vichakani, yeye na kibuyu. Alifika na nusu. Mtu wa shirika hakumwona. Kakuyuni yote ilimwona, na hakuna aliyesema.

Alikiweka mbele ya kibanda cha Hawe, akageuka, akarudi nyuma hatua nyingi, akasimama ametazama mihogo. Hakuna aliyemwelekeza. Hawe akatoka. Akamwaga kidogo chini kwa ajili ya koma, wazee wetu waliotangulia, akamtazama yule mtu mgongoni, shati limejaa miiba na majani, muda mrefu.

"Afunge bomba lake," akasema.

Walilifunga siku hiyo hiyo. Mimi nilikandika ukuta kuzunguka tundu mpaka kucha zikaisha. Siku mbili baadaye, mchana, mvua ikaja yote kwa pamoja kama iliyokuwa imezuiwa mlangoni. Hawe akaingia jikoni na kuni zake, sisi wanawake tukasimama nyuma yake. Mume alikuwa nje chini ya upenu, analowa mgongo, anatazama juu kwenye dohani.

Moto wa kwanza ulitoa moshi ndani. Mwingi. Hawe akaanza kukohoa, mama akamshika, nami nikasukuma mlango uwe wazi. Mke akapiga ukelele kwa mumewe, mume akajibu kitu, mke akaingiza mkono akasogeza kuni nyuma. Ule moshi ukasimama. Ukafikiri. Kisha ukageuka, mbele ya macho yetu, ukaingia shimoni kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Unatoka!" mume akapiga kelele nje. "Moshi unatoka!"

Hawe alipika sima na kunde. Alikohoa mara mbili zaidi, nadhani ya pili ilikuwa ya mazoea. Alitia chumvi, akaonja, akalalamika kwamba kunde hazina harufu ya moshi na sasa nani atazila. Akalalamika kwamba makuti yake yataliwa na wadudu, maana moshi ndio uliokuwa unawafukuza, na alisema kweli, baba baadaye alikuta wadudu. Alilalamika hadi chungu kikaiva, macho makavu kabisa.

Mvua ile ya masika haikutupeleka hospitali. Usiku wa kikohozi ulikuwepo, kifua cha miaka mingi hakirudi kuwa kipya, lakini hatukubeba mtu. Nilirudi shule na nyayo zangu.

Nilipokuja mapumziko ya katikati ya muhula ilikuwa bado inanyesha. Nikamkuta Hawe jikoni anapika, na mume yuko nje chini ya upenu, amekaa kwenye gogo ameegemea ukuta ule ule, upande wa dohani, penye joto. Walikuwa wanazungumza. Ukuta ukiwa katikati hakuna anayemwona mwenzake, na kumbe katika mambo yote yaliyokatazwa, hilo halikutajwa. Hawe alikuwa anasimulia habari ya ng'ombe fulani, kwa Kigiriama kitupu. Mume alikuwa anajibu habari ya mama yake mzazi huko kwao, kwa Kiswahili cha kitabu na vipande vya lugha yake. Hakuna aliyekuwa anamfahamu mwenzake hata robo. Mama akaniambia ni kila siku hivyo, tangu chai mpaka mvua ikatike.

Nikavuta kigoda, nikakohoa kidogo kusafisha koo, nikaanza kutafsiri.

"Wewe," Hawe akasema, bila kugeuka, "nyamaza. Mkwe wangu anaongea."